Nguvu ya Kusimama: Historia ya Breki za Lori

Wahenga walisema, "Mpanda ngazi hushuka." Methali hii haikutungwa kwa ajili ya lori, lakini ni nani aielewaye vizuri kuliko dereva aliyepanda mlima na shehena ya tani kumi, naye sasa amefika kileleni na kuuona mteremko mbele yake? Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka salama ni kazi ya breki. Waliobuni injini wametajwa sana vitabuni, bali waliobuni njia za kuisimamisha gari hawakumbukwi na wengi. Tukiifuata historia yao tutaona jambo moja likijirudia: kila mara nguvu ya kwenda ilitangulia, na nguvu ya kusimama ikafuata nyuma, aghalabu baada ya watu kuingia hatarini.

Mnamo mwaka wa 1769 Nicolas-Joseph Cugnot, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alitengeneza gari la mvuke la kukokota mizinga. Gari hilo twaweza kuliita babu wa malori yote. Lilikwenda polepole kama mtu atembeaye kwa miguu, na hata hivyo masimulizi ya zamani yasema kwamba liligonga ukuta. Mikokoteni ya siku zile ilisimamishwa kwa gogo la mti lililosukumwa na wenzo likabana ukingo wa gurudumu. Njia hiyo ilitosha kwa gari la farasi, kwa kuwa farasi naye husaidia kusimama. Injini haina akili ya farasi.

Mwaka wa 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz wa Ujerumani, alisafiri na wanawe wawili katika motokaa ya mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita mia moja na zaidi. Hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya motokaa iliyoandikwa katika historia. Katika miteremko vipande vya breki vililika upesi, hata mama huyo akamwendea fundi wa viatu amgongomee ngozi juu yake. Huko Uingereza Herbert Frood aliona katika vilima vya Derbyshire kwamba wachukuzi walitumia soli za viatu vikuukuu kuongeza uwezo wa breki za mikokoteni yao. Tangu mwaka wa 1897 alianza kutengeneza vitambaa maalumu vya breki, na kutokana na jina lake likatokea jina la biashara la Ferodo.

Yafaa tueleze hapa breki inafanya nini hasa. Mwendo wa gari haupotei bure. Breki huugeuza kuwa joto. Msuguano kati ya kitu kilichosimama na kitu kizungukacho ndio unaolizalisha joto hilo. Lori likiwa zito maradufu kwa mwendo ule ule, joto nalo huwa maradufu. Lakini mwendo wenyewe ukiongezwa maradufu, joto huwa mara nne. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyowasumbua mafundi kwa miaka mingi, maana kila mwaka malori yalizidi uzito na mwendo pia.

Karibu na pedali ya breki iko pedali ya klachi, na historia zao haziachani. Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Dereva akiikanyaga, injini huachana na magurudumu, naye aweza kubadili gia. Akiiachia, vinashikana tena. Katika gari la Ford Model T, lililotengenezwa kati ya mwaka wa 1908 na 1927, pedali zilikuwa tatu, lakini si kama tunavyozijua leo. Ya kushoto ilishughulikia gia, ya katikati ilirudisha gari nyuma, na ya kulia ilikuwa breki, nayo ilibana ndani ya giaboksi badala ya kubana magurudumu. Aliyejifunza kuendesha gari hilo hapo kwanza alilazimika kuifundisha upya miguu yake alipopanda gari jingine.

Wakati huo huo breki zenyewe zilibadilika. Mwaka wa 1902 Louis Renault wa Ufaransa alitumia breki ya ngoma: vipande viwili vilivyopinda, viitwavyo viatu vya breki, hutanuka ndani ya ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Hata hivyo nguvu ilitoka mguuni hadi gurudumuni kwa fimbo na nyaya. Fimbo hulegea, nyaya hunyooka, na gurudumu moja likishikwa zaidi ya jingine gari huvutwa upande.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imejulikana tangu karne ya 17, pale Blaise Pascal alipoonyesha kwamba msukumo katika kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Ukisukuma pistoni yenye eneo la sentimita 5 za mraba kwa nguvu ya kilo 100, kila sentimita ya mraba hupata kilo 20. Pistoni ya gurudumu yenye eneo la sentimita 10 itasukumwa kwa kilo 200. Mnamo mwaka wa 1917 Malcolm Loughead wa Marekani alipata hataza ya breki ziendeshwazo kwa mafuta, na mwaka wa 1921 gari la Duesenberg Model A likatoka na breki hizo katika magurudumu yote manne. Wengine walikawia. Kampuni ya Ford iliendelea na fimbo na nyaya, ikaanza kutumia mafuta katika magari yake ya mwaka wa 1939.

Mafuta yalisawazisha nguvu, lakini nguvu yenyewe ilikuwa bado ni ya mguu wa mtu. Lori la tani nyingi lilimtaka dereva asimame juu ya pedali kwa uzito wake wote. Kwenye reli jambo hili lilikuwa limekwisha kutatuliwa. Mwaka wa 1869 George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki za hewa iliyoshindiliwa, na malori makubwa ya leo hutumia uzao wa breki hizo. Kwa malori ya wastani ilipatikana njia nyingine: mwaka wa 1927 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza kisaidizi cha breki cha malori kilichotokana na kazi ya Mbelgiji Albert Dewandre. Mafundi wetu hukiita kifaa cha namna hiyo busta.

Busta hufanya kazi hivi. Injini ya petroli inapovuta pumzi huacha ombwe, yaani upungufu wa hewa, katika bomba lake la kuingizia hewa. Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira. Dereva asipokanyaga, pande zote mbili za kiwambo zina ombwe, nacho hutulia. Anapokanyaga, valvu hufunguka na kuruhusu hewa ya nje iingie upande mmoja. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo, nacho kikaisukuma pistoni ya masta silinda. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 25 kina eneo la sentimita za mraba 490 hivi. Tofauti ya hewa ikiwa nusu kilo na kidogo kwa kila sentimita ya mraba, msaada unafika karibu kilo 290. Hewa hii tunayoivuta bila kuihisi inamzidi nguvu mtu wa miraba minne! Katika Vita vya Pili vya Dunia malori ya GMC yaliyobeba chakula, petroli na risasi za majeshi ya Marekani, ambayo zaidi ya 500,000 yalitengenezwa, yalikuwa na breki za mafuta zenye msaada wa namna hii.

Lakini malori mengi madogo ya miaka ya 1940 na 1950 yalitoka kiwandani bila busta. Baadhi yamesalia hadi leo, yakitunzwa na watu wapendao vitu vya kale. Mwenye lori kama hilo akitaka kulitia busta, huigundua upya kwa mikono yake historia tuliyoieleza. Tuchukue mfano wa malori ya Chevrolet yaliyotengenezwa Marekani kati ya mwaka wa 1947 na 1955. Pedali zake hutokea katika sakafu, na masta silinda iko chini, mahali pa matope. Breki na klachi zimekaa pamoja, hata huwezi kuigusa moja bila kuifikiria nyingine.

Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuziacha pedali pale pale na kuifunga busta chini ya sakafu, kando ya chasisi. Fimbo za klachi husalia kama zilivyokuwa, lakini nafasi ni finyu, na bomba la moshi haliko mbali. Njia ya pili ni kuifunga busta kwenye bamba la mbele, kati ya injini na dereva, na kuzining'iniza pedali kutoka juu kama ilivyo katika magari ya leo. Hapo fimbo za zamani za klachi hazifikii tena. Aghalabu hapana budi kuitia klachi nayo mafuta: masta silinda ndogo juu, na silinda nyingine kando ya giaboksi. Bamba lile ni jembamba, hivyo ni lazima liungwe mkono kwa chuma kinene, la sivyo litapinda kila dereva anapokanyaga, na nguvu itapotelea hapo.

Kisha kuna hesabu ya wenzo. Pedali isiyo na busta aghalabu huzidisha nguvu ya mguu karibu mara sita. Yenye busta hutosheka na karibu mara nne. Fundi akiiacha mara sita na kuongeza busta, magurudumu yatashikwa kwa mguso mdogo, na lori tupu litateleza barabarani siku ya mvua. Kadhalika ni lazima pawe na nafasi ndogo kati ya fimbo ya kusukumia na pistoni. Ikikosekana, mafuta hayarudi, viatu hubaki vimegusa ngoma, na breki huungua bila kukanyagwa. Klachi nayo yataka pedali yake ishuke kidogo kabla ya kuanza kazi. Vinginevyo sahani yake huteleza na kuteketea. Na kwa kuwa masta silinda ya zamani ilikuwa na njia moja tu ya mafuta, fundi mwenye busara huweka yenye njia mbili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mengine yasikose breki.

Jambo jingine la tahadhari ni vumbi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 vitambaa vya breki vilitiwa asbesto, madini yasiyoungua upesi. Baadaye ikathibitika kwamba vumbi lake huleta saratani, na Uingereza ikayapiga marufuku mwaka wa 1999. Ngoma ya lori la kale isipulizwe kwa hewa hata kidogo. Isafishwe kwa kitambaa cha maji.

Sasa tuirudie nchi yetu. Busta ya ombwe hutegemea uzito wa hewa, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, zaidi ya robo ya msukumo wa hewa tunaoukuta Mombasa haipo. Busta ile ile, katika lori lile lile, humsaidia dereva kidogo zaidi huko juu. Na huko juu ndiko miteremko inakoanzia. Barabara ya zamani ishukayo ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa vita, na miteremko ya Salgaa na Sachangwan kati ya Nakuru na Mau Summit, imejulikana kwa ajali za malori yaliyowashinda madereva.

Wako madereva waitoao gia mteremkoni, au wakanyagao klachi na kuliacha lori litiririke, wakidhani wanaokoa mafuta. Fikiri, msomaji, wanachokitupa. Injini iliyoshikana na magurudumu katika gia ndogo hulizuia lori bila kutia joto hata chembe katika breki. Dereva ameikatalia msaada huo. Akiizima injini kabisa, busta hubakiwa na ombwe la kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Mzigo wote huangukia viatu na ngoma. Ngoma hupata moto na kutanuka mbali na viatu, mafuta yaliyoingia maji huchemka, na pedali huzama hadi sakafuni. Wakati huo busta nzima haifai kitu, kwa sababu busta huuongeza mguu wa dereva, wala haiongezi uwezo wa ngoma kustahimili joto.

Hivyo historia ya breki imefika pale pale ilipoanzia. Frood na Loughead waliwapa madereva vyombo bora, na fundi stadi aweza kuvitia hata katika lori la zaidi ya miaka 70. Lakini kabla ya mteremko bado ni juu ya dereva kupunguza mwendo na kuingiza gia ndogo mapema. Asiposhika mwendo wake kileleni, atautafuta bondeni asiupate.