Nitrojeni Iliyozama: Kwa Nini Mahindi Yachaguliwe kwa Mizizi Yake

Majani ya chini ya mahindi yanapogeuka manjano kuanzia ncha kufuata mshipa wa kati, mkulima wa magharibi mwa Kenya huambiwa kuwa udongo wake hauna nitrojeni. Mara nyingi hiyo ni nusu ya ukweli. Tafiti za miaka ya 1990 katika eneo hilo zilikuta nitreti, umbo la nitrojeni linalonyonywa na mizizi, imerundikana chini ya mashamba ya mahindi, kati ya nusu mita na mita mbili kwenda chini. Mahindi yalikuwa yameiacha. Sesbania, mti uliopandwa ili kupumzisha mashamba, iliifikia na kuitumia.

Nitreti hiyo ilizamaje? Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa akitafiti Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka ukilowa, vijidudu vyake huozesha mboji kwa kasi na kuachia nitrojeni nyingi kwa mkupuo. Basi mvua za kwanza huifungua hazina hiyo wakati mche ungali na mizizi michache. Nitreti haishikwi na udongo wa juu. Hushuka na maji. Huko chini, udongo mwekundu uliochakaa una chaji chanya zinazoichelewesha, na ucheleweshaji huo ndio fursa yetu.

Mmea wenyewe haukai kimya. Upungufu wa nitrojeni ukiwa wa wastani, hurefusha mizizi ya pembeni. Ukizidi, hata mizizi hudumaa, kwa kuwa kila mzizi hugharimu sukari inayotengenezwa na majani. Kwa hiyo wingi wa mizizi si sifa njema daima. Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alipendekeza mwaka 2013 mahindi yenye mizizi inayoshuka wima, ifike mbali, tena isile sana. Baadhi ya seli za gamba la mzizi hufa na kuacha nafasi za hewa, na mzizi wa namna hiyo hutumia chakula kidogo kujiendesha. Majaribio ya Marekani na Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kuwa mahindi yenye mizizi michache ya kwenye mafundo ya shina yaliizamisha zaidi, yakapata nitrojeni zaidi na kuzaa vizuri zaidi katika udongo maskini.

Kuna pingamizi zito: udongo huohuo wa magharibi mwa Kenya una uhaba wa fosforasi, nayo hukaa juu, ikihitaji mizizi inayotambaa. Naliheshimu pingamizi hilo, ila halinishawishi kuacha hoja. Fosforasi kidogo inaweza kutiwa katika shimo la mbegu, karibu na mche. Nitreti iliyo mita moja na nusu chini haina wa kuipandisha isipokuwa mzizi.

Lakini mzizi huokoa kilichopotea tu, hauzalishi nitrojeni mpya. Kwa sababu hiyo mbegu za aina hii zijaribiwe pamoja na maharage, kunde na samadi, na watafiti wachimbe hadi kina cha mita mbili kabla ya kuamua ipi ipitishwe. Kupima magunia pekee hakuonyeshi mavuno yalitokana na nitrojeni ya kina kipi.