Goma: uhalifu wa kartie unahesabiwa namna gani, na ni nani anahesabu?

Ku Ndosho, Katoyi, Majengo ao Mugunga, swali la kwanza la asubuhi ni moja: "Mulilala je?" Habari ya wezi inapita haraka toka parsele moja mpaka ingine. Lakini mukiuliza mashambulizi ngapi yalifanyika kwa kartie mwezi huu, kila mutu anatoa hesabu yake. Hapa tunaeleza hesabu hizo zinatoka wapi, juu ya nini hazipatani, na mukaaji anaweza kufanya nini ili jambo lake lisipotee.

Ni nani anaandika?

Muji wa Goma uko na komini mbili: Goma na Karisimbi. Ndani yao kuko kartie 18. Chini ya kartie kuko avenyi, na mahali pengi kuko pia mukubwa wa nyumba kumi. Mutu akivamiwa, mara nyingi anaanzia kwa huyo mukubwa ao kwa shefu wa kartie. Lakini kufungua dosie ni kazi ya OPJ, ni kusema afisa wa polisi mwenye sheria inamupa ruhusa ya kusikiliza watu na kuandika PV. Kisha dosie inapaswa kwenda ku parke.

Kwa hiyo kuko rejista ya polisi, kuko daftari ya shefu, na kuko orodha ya shirika la raia na ya sisi waandishi wa habari. Wezi wakiingia nyumba tatu usiku moja, shefu anaweza kuandika nyumba tatu, polisi wakafungua dosie moja, na radio ikatangaza shambulizi moja. Hakuna mwenye anadanganya. Wanahesabu vitu tofauti.

Kartie gani iko hatari zaidi?

Idadi peke yake haitoshi. Tuchukue mufano wa kufikiri tu: kartie moja yenye watu 20,000 ipate mashambulizi 10, na ingine yenye watu 60,000 ipate 15. Ya pili iko na mashambulizi mingi, lakini kwa kila watu 100,000 inakuwa 25, na ya kwanza inakuwa 50. Ni ile kartie ndogo ndiyo iko na hatari kubwa.

Shida ni kwamba Congo ilihesabu raia wake wote mara ya mwisho katika mwaka wa 1984. Toka pale Goma imepanuka sana, na vita imeleta wakimbizi wengi, kisha kambi nyingi zikavunjwa mwanzoni mwa 2025. Kama hatujue watu ni wangapi kwa kartie, mutu mwenye kusema "hapa uhalifu umepunguka kwa nusu" anapaswa kwanza aonyeshe alihesabu namna gani.

Kunyamaza kunafanya kartie ionekane tulivu

Rejista inaonyesha tu yale yenye yaliletwa. Mwenye aliibiwa telefone anaona kwamba kwenda ofisini ni kupoteza siku nzima. Wengine wanasema wanaombwa pesa ya karatasi ao ya transporti. Wengine wanaogopa juu mwizi ni kijana wa avenyi moja nao. Mwanamuke mwenye alibakwa anaogopa maneno ya majirani. Kwake, muda ni jambo la kwanza: afike hospitali mbele ya saa 72 kupita, juu dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ndani ya muda huo. Aende kutunzwa kwanza, mashitaka yatafuata.

Kartie yenye watu wanakuja kushitaki inaweza kuonekana mbaya kwa karatasi kuliko ile yenye watu wananyamaza. Hesabu ikipanda, uliza kwanza: wezi wameongezeka, ao watu wameanza kusema?

Silaha na wafungwa

M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka kwa maelfu, na silaha mingi zilibakia mikononi mwa watu. Toka pale muji uko chini ya AFC/M23. Wakubwa wa ofisi walibadilika na kazi ya tribinali za serikali ilikatika. Ndiyo sababu ni muhimu mutu achunge mwenyewe alama za jambo lake.

Kuua mwizi hakumalizi wizi

Ku avenyi mingi, watu wakishika mutu usiku, wanamupiga mpaka kufa ao wanamuchoma. Hasira inaeleweka: watu wamechoka kuona mwizi anaachiliwa. Lakini katiba ya 2006 inasema kila mushitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu itolewe, na kwamba mutu asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya wenye sheria. Mwenye anachomwa anaweza kuwa mugeni, mulevi, ao mutoto wa avenyi ya pili mwenye alichelewa kurudi. Na kama kweli alikuwa mwizi, amekufa na majina ya wenye walimukodisha bunduki na wenye wanauza telefone za wizi. Kifo hicho nacho ni uhalifu mwingine ku hesabu ya kartie.

Vitu vya kufanya

- Andika siku ile ile: tarehe, saa, avenyi, wezi wangapi, silaha gani, nguo gani. Andika yale uliona, si kabila unafikiria.
- Piga *#06# ku telefone yako leo, andika namba inaonekana, uiweke nyumbani. Bila hiyo, ni vigumu kuonyesha telefone ni yako.
- Ukishitaki, omba namba ya dosie na jina la mwenye alikupokea.
- Wakambisti na wenye kabini ya pesa: musifunge saa ile ile kila siku, wala kurudi peke yenu na pesa yote.
- Mupatane na majirani juu ya firimbi ao sufuria: ni nani anapiga, ni nani anaita wakubwa, na kwamba mwenye atashikwa atapelekwa akiwa muzima.
- Kila mwisho wa mwezi, muombe shefu asome daftari yake mbele ya wakaaji, bila majina ya wenye walishambuliwa. Mulinganishe na ile ya mwezi uliopita.