Karte ya 2022 ndani ya mashini ya 2011: historia ya tundu moja

Kuna swali ambalo ba-promosheni wananiuliza sana siku hizi: "Niko na kompyuta ya michezo ya mwaka 2011, prosesa bado nzima, karte ya grafiki njo imechoka. Nikilipa karte mpya, itakubali?" Jibu la haraka: itaingia. Lakini kuingia na kutembea vizuri ni mambo mawili, na ili kuelewa tofauti yake lazima turudi nyuma kidogo.

Tangu IBM PC ya kwanza, mwaka 1981, picha ya ekrani ilitoka kwenye karte ya kuchomeka. Kwa hiyo kubadilisha karte ni desturi ya zamani, si uvumbuzi wa vijana wa michezo. Ile desturi ilipata moto wa kweli mwaka 1996, wakati kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo. Hiyo karte ilikuwa ya ajabu: haikujua kuchora madirisha ya kawaida hata kidogo, ilijua michezo ya 3D tu. Ulibakiza karte yako ya zamani, unatia Voodoo pembeni, kisha unaunganisha zote mbili na kamba fupi nje ya mashini, nyuma. Memori yake ilikuwa MB 4. Leo picha moja ya simu inaweza kupita hapo! Lakini mutu aliyeona mchezo wa Quake na Voodoo hakutaka tena kurudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2000, 3dfx ikauza mali yake kwa NVIDIA, na jina likapotea.

Wakati huo tundu lilikuwa limeanza kubadilika. Toka 1997 kulikuwa AGP, tundu la karte ya grafiki peke yake. Likawa AGP 2x, 4x, na mwaka 2002 likafika 8x, karibu GB 2 kwa sekunde. Shida iko hapa: AGP za kwanza zilitumia volti 3.3, zilizofuata zikashuka mpaka 1.5, kisha 0.8. Ndiyo sababu waliweka pengo kwenye meno ya karte, ili isiingie mahali isipotakiwa.

Mwaka 2004 ikaja PCI Express, na AGP ikahukumiwa. Karte mpya haikuingia kwenye karte-mama ya zamani, basi. Mwenye AGP alipaswa kubadilisha karte-mama, mara nyingi na prosesa, na RAM vilevile. Watengenezaji waliwahurumia kidogo, maana hata mwaka 2008 kulitoka Radeon HD 3850 ya AGP, lakini hiyo ilikuwa kama chakula cha mwisho cha msafiri.

PCI Express ndiyo iliyotupatia sisi watu wa okazio miaka mingi ya amani. Umbo la tundu halikubadilika. Toleo la 2.0 lilikuja 2007, la 3.0 mwaka 2010, kisha 4.0 na 5.0, na kila karte inakubali kushuka mpaka lugha ya karte-mama. Tundu lenyewe lina njia 16, tuseme kama barabara ya magari 16 kwa mara moja. Kila toleo linaongeza mwendo karibu mara mbili. Mashini ya 2011 nyingi ziko kwenye 2.0: njia moja inapitisha MB 500 kwa sekunde, njia 16 zinafanya GB 8. Si mbaya hata leo.

Sasa angalia kilichotokea mwaka 2022. AMD ilitoa karte ndogo mbili za bei nafuu, RX 6400 na RX 6500 XT. Meno yake ni marefu kama ya karte nyingine, lakini ndani njia zinazofanya kazi ni 4 tu. Kwenye mashini mpya ya 4.0 hakuna malalamiko makubwa. Itie kwenye ile ya 2011, fanya hesabu: mara nne MB 500, unapata GB 2 kwa sekunde. Hiyo ni AGP 8x ya mwaka 2002! Umelipa karte mpya, umerudi miaka ishirini nyuma. Na kwa sababu zina memori ya GB 4 tu, mchezo mkubwa ukiijaza, karte inaanza kuomba RAM ya mashini kupitia hiyo barabara nyembamba. Hapo picha inakatakata.

Mimi naona hilo ni pigo kwa watu kama sisi. Aliyenunua mashini mpya hatalipa karte ndogo. Anayelipa karte ndogo ni mwenye mashini ya zamani, na yeye ndiye anayepunguziwa njia. Kwenye boksi hawaandiki kwa herufi kubwa.

Najua kuna mtu atauliza habari ya koltani. Ndiyo, iko ndani ya historia hii. Tantalum inatumiwa katika vipande vidogo vinavyotunza umeme kwenye vyombo vya elektroniki, na mwaka 2000 bei yake ilipopanda ghafla, watu wengi wa Kivu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Madini yanatoka kwetu, mashini zinaturudia zikiwa okazio. Hiyo inataka makala yake peke yake.

Turudi kwenye karte. Kwa mashini ya 2011, mimi ningetafuta GTX 1050 Ti ya 2016 ama GTX 1650 ya 2019. Zote zina njia 16 na GB 4, na nyingi zinakula umeme wa tundu peke yake, yaani wati 75, bila kamba ya ziada. Kama alimentasio yako (kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme) ni ya kampuni nzuri na iko na kamba ya pini 8, RX 570 ya GB 8 inafanya zaidi. Lakini hiyo uichunguze sana: nyingi zilichimba Ethereum usiku na mchana mpaka Septemba 2022, uchimbaji huo uliposimama, kisha zikamwagwa sokoni. Omba muuzaji aiwashe na mchezo mzito kwa nusu saa mbele yako, sikiliza ventilateri, na ufungue programu ya GPU-Z usome mstari wa tundu. Ikiandika x16, toa franga zako. Ikiandika x4, mrudishie.