Kamba ya Wajerumani, Kiti cha Bweranyange

Vitabu vyetu vya historia vikifika kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani huwataja Mkwawa wa Uhehe, Abushiri wa Pangani na Kinjekitile wa Ngarambe. Karagwe huachwa, kana kwamba ilipokea bendera ya kigeni kwa mikono miwili. Hukumu hiyo haiwatendei haki Wanyambo, wenyeji wake. Nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa ilikuwa na namna zake za kukataa, na ili kuzielewa lazima kwanza tujue wageni waliikuta katika hali gani.

Miaka thelathini kabla ya Wajerumani kufika, Karagwe ilikuwa dola ya kuheshimika. Omukama (mfalme) Rumanyika wa ukoo wa Bahinda alimpokea John Hanning Speke mwaka 1861, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za shaba za ndege na wanyama. Rumanyika alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1880, Bahinda wakauana kwa kugombea kiti. Kisha ikaja sotoka. Ng'ombe ndio waliokuwa mali, mahari na nguvu za mtawala. Walipoteketea, Omukama alibaki bila cha kuwagawia watu ili wamfuate. Ndui nayo ikawamaliza watu.

Katikati ya maafa hayo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi za Afrika Mashariki. Karagwe ikaangukia upande wa Ujerumani, na Novemba mwaka huohuo Emin Pasha akajenga kituo Bukoba. Hakuna mtu wa Bweranyange aliyeulizwa. Wafilipino walitendewa vivyo hivyo: walitangaza uhuru wao tarehe 12 Juni 1898, lakini Desemba mwaka huohuo Hispania ikaikabidhi Marekani visiwa vyao kwa dola milioni 20. Wao walipigana na bwana mpya kwa miaka. Karagwe ilimkalisha kitini mtoto, Kanyorozi, aliyeitwa Ntare VII. Angepigana na bunduki za Bukoba kwa jeshi lipi?

Wajerumani walitawala kupitia kwa bakama, yaani wafalme wa jadi, na waliyempenda zaidi alikuwa Kahigi wa Kihanja, aliyepanua nchi yake kwa msaada wao. Waliokataa utaratibu huo walipata nguvu mahali ambapo bunduki haikufika: katika imani ya mzimu Nyabingi. Imani hiyo ilienea Ndorwa, Kigezi na kaskazini mwa Rwanda, na baadhi ya masimulizi humhusisha Nyabingi mwenyewe na Karagwe. Wasemaji wake, wengi wao wanawake, waliwaambia watu kwamba wapo wakuu kuliko mtawala na mzungu wake. Muhumusa, aliyejitambulisha kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, alikamatwa na Wajerumani akazuiliwa Bukoba. Mwaka 1911 alikuwa amesharudi Ndorwa akikusanya wapiganaji. Waingereza walimshinda mwaka huohuo na kumpeleka Kampala, ambako aliwekwa hadi alipofariki mwaka 1945. Mwanamke huyu alizitia hofu dola mbili za Ulaya, na bado wanafunzi wetu wachache sana wanalijua jina lake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mto Kagera ukawa uwanja wa mapambano. Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba kutoka ziwani, wakaharibu ngome na kuondoka. Wajerumani waliobaki walianza kumwogopa kila mtawala aliyekuwa karibu na mpaka. Ntare alituhumiwa kushirikiana na adui, akanyongwa. Mtoto aliyekalishwa kitini wakati nchi imechoka alikuwa sasa mtu mzima, akauawa na dola ambayo watangulizi wake hawakuwahi kuiomba ulinzi. Iwe alifanya njama au hakufanya, kwangu kifo hicho kinatosha kuliingiza jina la Karagwe katika orodha ya waliolipa. Waliomwua hawakuwa na shaka kwamba kiti cha Bweranyange bado kingeweza kuwageuka.

Wajerumani walipoondolewa, Waingereza walimweka Rumanyika II. Wakati wao, Kyerwa ilichimbwa bati, na kahawa ikawa tegemeo la familia nyingi. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizipinga waziwazi kanuni mpya za serikali kuhusu mibuni. Mivutano ya aina hiyo iliwaandaa watu kwa siasa za vyama, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta tayari eneo hili limezoea kubishana na bwana shauri.

Hata hivyo, mkulima alikuwa na bwana mwingine wa karibu zaidi. Chini ya mfumo wa ardhi ulioitwa nyarubanja, mtwarwa aliishi katika shamba la mtwazi na kumlipa, na ukoloni ulikuwa umeuacha mfumo huo uendelee. Bendera ya kigeni iliteremshwa Desemba 1961, utawala wa bakama ukaondolewa mwaka 1963, na sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja ikapitishwa mwaka 1965.