Bure na Huru: Programu za Kompyuta Zitolewazo bila Malipo na Makampuni Makubwa

Katika Kiingereza neno moja, "free", hubeba maana mbili zilizo mbalimbali: kitu kisicholipiwa, na mtu au kitu kisichofungwa na yeyote. Kifaransa hutenga "gratuit" na "libre". Kiswahili nacho hutenga bure na huru. Mkaaji wa Lubumbashi asemaye bule na mkaaji wa Unguja asemaye bure, wote wawili hawawezi kulichanganya neno hilo na huru. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Hakuna aliyefikiri kusema kwamba ilipata bure. Aidha, bure ya Kiswahili ina ukali wake: kufanya kazi bure ni kuifanya bila ujira, na pia ni kuifanya bila matunda, na maneno ya bure ni maneno matupu. Hivyo mtu aambiwapo kwamba kitu fulani ni cha bure, lugha yenyewe humwachia nafasi ya kuuliza kitu hicho kina thamani gani, na ni nani aliyekilipia.

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo katika historia ya programu za kompyuta, hasa zile zilizotolewa bila malipo na makampuni makubwa ya Marekani tangu miaka ya 1990. Programu ni mfululizo wa maagizo yanayoiongoza mashine. Fundi huyaandika kwa lugha maalumu ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa tarakimu zinazofuatwa na mashine. Aliyepewa tarakimu tu anaweza kuitumia programu, lakini ni vigumu mno kwake kujua inafanya nini ndani, na vigumu zaidi kuirekebisha. Aliyepewa maandishi ya asili anaweza kuyafanya yote. Tofauti hii ya kifundi ndiyo mzizi wa mabishano yatakayosimuliwa hapa.

Hapo mwanzo programu haikuwa bidhaa. IBM ilizitoa programu pamoja na mashine zake kubwa, na gharama yake ilikuwa imefichwa katika bei ya mashine. Tarehe 23 Juni 1969 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itazitenganisha bei hizo mbili, na soko la programu likapata nguvu. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell za kampuni ya simu AT&T, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix. Vyuo vikuu viliupata pamoja na maandishi yake ya asili kwa malipo madogo. Ukarimu huo ulikuwa na sababu yake: kwa mapatano yaliyothibitishwa mahakamani mwaka 1956, AT&T ilizuiwa kuingia katika biashara iliyo nje ya mawasiliano. Asiyeruhusiwa kuuza hana tabu kugawa. Mwaka 1984 kampuni ilipogawanywa na kizuizi kuondolewa, Unix ikawa bidhaa ya kuuzwa kama nyingine, na wanavyuo waliokuwa wameiongezea kazi ya mikono yao wakajikuta wakibisha hodi mlangoni.

Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, alitangaza Septemba 1983 azma ya kuandika mfumo mzima ufananao na Unix lakini usio na bwana. Aliuita GNU. Kwake yeye programu ilikuwa huru endapo aliyeipata angeweza kuitumia kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadili, kuigawia wengine, na kuwagawia pia mabadiliko yake. Bei haimo katika maelezo hayo, na Stallman hakumkataza mtu yeyote kuuza. Leseni aliyoitoa mwaka 1989, ijulikanayo kwa herufi GPL, ilitumia sheria ya haki ya mtunzi kinyume na desturi yake: badala ya kuwazuia watu kunakili, ilimlazimisha kila anayeigawa programu awape wengine haki zilezile alizopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Hapo Kiingereza kilianza kuwasumbua wenyewe, maana ilibidi kila mara waeleze kwamba hawazungumzii bei.

Bure isiyo huru ilidhihirika zaidi katika kisa cha vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti. Mwaka 1993 kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa kivinjari kiitwacho Mosaic. Baadhi ya vijana waliokiunda, akiwamo Marc Andreessen, walihamia California, na Desemba 1994 kampuni yao ya Netscape ikatoa kivinjari cha Navigator. Wanafunzi na walimu hawakulipa. Makampuni yalitakiwa kulipa. Microsoft, iliyokuwa imechelewa, ilikwenda kwa kampuni ndogo ya Spyglass iliyokuwa na leseni ya Mosaic, ikanunua ruhusa ya kuitumia kazi hiyo kama msingi wa kivinjari chake, Internet Explorer, kilichotokea Agosti 1995. Spyglass ilitazamia kupata fungu katika mapato ya kivinjari. Lakini Microsoft ilikitoa bila malipo, na fungu la kitu kisichouzwa ni sifuri. Ugomvi ulimalizwa mwaka 1997 kwa malipo ya dola milioni 8. Huyo alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuilipia bure ya wengine, na husahauliwa mara nyingi kisa hiki kisimuliwapo.

Mwenye kuuza unga sokoni huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo ili mnunuzi arudi kesho. Nyongeza ya namna hiyo haina madhara, kwa kuwa mnunuzi aweza kwenda kwa muuzaji wa pili. Microsoft haikuwa muuzaji wa namna hiyo, kwa kuwa kompyuta nyingi mno duniani ziliendeshwa na mfumo wake wa Windows, na Windows iliuzwa kwa fedha. Kivinjari kilifungamanishwa na mfumo huo, na watengenezaji wa kompyuta wakazuiwa kukiondoa. Tarehe 18 Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa waliishtaki kampuni hiyo. Jaji Thomas Penfield Jackson, katika uchunguzi wake uliotangazwa Novemba 1999, aliona kwamba Microsoft ilikuwa na ukiritimba na kwamba ilikuwa imeutumia kumdhoofisha mshindani. Mwaka 2000 aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mahakama ya rufani iliitengua amri hiyo mwaka 2001, lakini ilikubali kwamba ukiritimba ulikuwa umelindwa kwa njia haramu.

Wakati huo Netscape ilikuwa imekwisha nguvu. Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo kwa mwanahistoria, kuliko hata kesi yenyewe. Internet Explorer ya 6 ilitoka Agosti 2001, wakati ambapo karibu kila msomaji wa intaneti alikuwa akitumia kivinjari hicho. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Kwa miaka mitano kampuni iliyokuwa ikitoa toleo jipya karibu kila mwaka wakati wa mashindano haikuona sababu ya kuharakisha. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema hakusifiwa tu, bali wagema wenzake wote walikuwa wameondoka. Katika muda huo kurasa nyingi ziliandikwa kwa kukifuata kivinjari hicho peke yake, pamoja na kasoro zake, hata mtu aliyetaka kukiacha akashindwa kuifikia benki yake. Korea Kusini ilitaabika kwa sababu hiyo kwa miaka mingi. Mtumiaji hakulipa hata senti, lakini alilipa kwa kukosa mahali pengine pa kwenda.

Netscape, kabla ya kununuliwa na AOL, ilifanya jambo moja lililoishi kuliko yenyewe: Januari 1998 ilitangaza kwamba itayafungua maandishi ya asili ya kivinjari chake. Kutokana na maandishi hayo ulizaliwa mradi wa Mozilla, na Novemba 2004 ukatoa Firefox, iliyomwamsha Microsoft usingizini. Ni haki kuongeza kwamba kwa muda mrefu sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla imetoka kwa Google, inayolipa ili injini yake ya utafutaji iwe ya kwanza ndani ya Firefox. Huru nayo hula.

Ama kuhusu programu ambayo kweli ilikuwa huru na kweli ilitoka kwa kampuni kubwa, mfano ulio karibu zaidi na Kiswahili ni OpenOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilinunua kampuni ya Kijerumani ya Star Division pamoja na programu yake ya kazi za ofisi, na mwaka 2000 ikayaachia maandishi yake ya asili chini ya leseni huru. Sun haikuwa mtoa sadaka. Ilikuwa mshindani wa Microsoft, na Microsoft ilipata fedha nyingi mno kwa programu kama hizo. Kuigawa StarOffice kulikuwa ni kumharibia adui shamba. Hata hivyo nia ya mtoaji ni jambo moja, na masharti ya kitu alichokitoa ni jambo jingine.

Masharti hayo yalionyesha uzito wake katika tafsiri. Mwaka 1998 watu wa Iceland waliokuwa wakilalamika kwamba Windows haikuwapo katika lugha yao walijibiwa kwamba soko lao lilikuwa dogo mno, na ilibidi serikali yao ijadiliane na Microsoft hadi makubaliano ya mwaka 1999. Nchi tajiri yenye fasihi ya karne nyingi ilihitaji ruhusa ya kampuni ili kisanduku cha kompyuta kiseme lugha ya nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuhitaji ruhusa hiyo. Kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huru, wataalamu wake waliifasiri, na mwaka 2004 ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwanza walilazimika kukubaliana kuhusu istilahi: faili liitweje, kunakili na kubandika yasemwe vipi, neno lipi litoke katika Kiswahili cha zamani na lipi likopwe. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itaifasiri Windows na Office kwa Kiswahili. Haikosi kuonekana kwamba kuwapo kwa njia ya pili kuliongeza hamu ya mwenye njia ya kwanza.

Januari 2010 Sun ilimezwa na Oracle, kampuni isiyojulikana kwa kupenda kugawa. Hapo ndipo tofauti kati ya bure na huru ilipopimwa. Kama OpenOffice ingalikuwa ya bure tu, bwana mpya angeweza kuifunga, kuitoza ada au kuiacha ife, na watumiaji wasingalikuwa na la kusema. Mwezi wa Septemba 2010 sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kujitolea waliyachukua maandishi ya asili, wakaondoka nayo na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao wenyewe. Jina walilolichagua lina neno la Kifaransa na Kihispania, si la Kiingereza, na msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa sababu yake. Mwaka uliofuata Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Haikuwapo njia ya kuyarudisha kabatini yaliyokwisha kutolewa chini ya leseni. Isisahauliwe, lakini, kwamba leseni haitunzi tafsiri. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyo na watu wa kuiendeleza huzeeka, hata iwe huru namna gani.

Kisa cha tatu, ambacho bado kinaendelea, kinaivuruga mipaka hii. Google ilinunua kampuni ndogo ya Android mwaka 2005, na Novemba 2007 ikatangaza mfumo wa simu utakaotolewa kwa watengenezaji wote bila malipo. Kiini chake ni Linux, na sehemu kubwa ya maandishi yake yako wazi. Sehemu kubwa ya simu zinazouzwa Lubumbashi, Kisangani au Bukavu huendeshwa na mfumo huo. Lakini mnunuzi hanunui kiini. Hununua simu yenye duka la programu, ramani na barua za Google, na hivyo haviko wazi. Mwezi wa Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, ikisema kwamba aliyetaka duka hilo alilazimishwa kuweka pia injini ya utafutaji na kivinjari cha Google, na kwamba alizuiwa kuuza simu zenye matoleo mengine ya Android. Mwaka 2022 mahakama ya Ulaya ilipunguza faini hadi euro bilioni 4.125 na kuithibitisha sehemu kubwa ya hukumu. Mwaka 2019, serikali ya Marekani ilipoizuia Huawei ya China kufanya biashara na makampuni ya Marekani, mpaka ulionekana waziwazi: sehemu huru ya Android ilibaki mikononi mwa Wachina, na duka likatoweka katika simu zao mpya.

Thamani ya mlango huo inajulikana kwa tarakimu. Katika kesi iliyoamuliwa na jaji Amit Mehta huko Washington mwezi wa Agosti 2024, ilidhihirika kwamba mwaka 2021 peke yake Google iliwalipa wengine, Apple akiwa wa kwanza, dola bilioni 26.3 ili injini yake iwe ya kwanza kufunguka. Fedha hizo hutoka kwa watangazaji wa biashara, nao hununua nafasi mbele ya macho ya mtu anayetafuta. Mtu huyo hakulipa chochote kwa Android.

Mhadhiri wa Kiswahili wa Lubumbashi akiona katika LibreOffice istilahi isiyomridhisha, leseni inamruhusu kuibadili, kuliweka neno la Katanga mahali pake, na kuwagawia wanafunzi wake programu iliyorekebishwa. Katika duka la programu la Google aweza kupeleka maoni.