Kutoka Mioto ya Wakulima hadi Leseni: Historia ya Kurusha Ndege Ndogo Usiku

Kurusha ndege ndogo usiku kwa kanuni za kuona, yaani rubani akijiongoza kwa macho yake, kulianza kwa kubahatisha. Nchini Marekani, idara ya posta ndiyo iliyosukuma kazi hiyo mbele, kwani ndege za barua zilizolala giza lilipoingia zilipitwa na treni.

Tarehe 22 Februari 1921 yalifanyika majaribio ya kuvusha barua nchi nzima usiku na mchana. Rubani Jack Knight aliondoka North Platte, Nebraska, karibu saa tano usiku, huku wakulima na watumishi wa posta wakiwasha mioto njiani. Alipofika Omaha hakukuwa na rubani wa kumpokea. Akachukua ramani ya barabara, akaendelea kwa njia ambayo hakuwahi kuipita. Huko Iowa City wahudumu walikwisha kwenda nyumbani. Mlinzi aliposikia mngurumo wa injini aliwasha mwenge, Knight akatua. Asubuhi alikuwa Chicago.

Ushujaa huo ulifungua mifuko ya serikali. Mnara baada ya mnara ulisimamishwa, kila mmoja ukiwa na taa inayozunguka, na tarehe 1 Julai 1924 safari za kawaida za usiku zikaanza. Kufikia 1933 minara hiyo ilikuwa takriban 1,500.

Taa ziliondoa sehemu tu ya hatari. Katika miaka ya 1960, Conrad Kraft, mtafiti wa kampuni ya Boeing, aliwapima marubani kwa mtambo wa kuigiza safari. Aligundua kwamba hata wazoefu hushuka chini mno wanapoukaribia uwanja uliozungukwa na giza tupu, wakiamini wako juu vya kutosha. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kuzitii taa nne zilizo kando ya njia ya kurukia: mbili nyeupe na mbili nyekundu ni mteremko sahihi, zote nne zikiwa nyekundu, yuko chini mno.

Mafunzo ya leo yamejengwa juu ya hatari hizo. Mwanafunzi hujifunza kwamba macho huhitaji kama dakika 30 kuzoea giza, na kwamba upeo wa macho ukipotea lazima avitazame vipimo. Kwa leseni ya rubani binafsi, Marekani hudai saa 3 za usiku pamoja na mwalimu, safari moja inayozidi maili za baharini 100, na kuruka na kutua mara 10. Ulaya hudai kibali tofauti cha usiku, chenye saa 5, zikiwemo 3 na mwalimu, na kuruka na kutua mara 5 peke yake. Uingereza iliruhusu rasmi safari za usiku kwa kanuni za kuona mwaka 2012 tu.

Hatari ya kupoteza upeo wa macho ilionekana mwaka 1999, pale John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, aliyekuwa na leseni isiyomruhusu kuruka kwa kutegemea vipimo, alipoanguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard usiku wenye ukungu, pamoja na abiria wake wawili. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo, akashindwa kuidhibiti ndege.

Saa zinazodaiwa na sheria ni kima cha chini. Rubani mwenye busara huongeza nyingine akiwa na mwalimu, na usiku wenye ukungu huahirisha safari hadi kupambazuke.