Mtoto kafanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo: kwa nini aendelee kupigwa picha?

Mtoto wa miezi miwili ananyonya kidogo tu, jasho linamtoka, anahema haraka, analia. Mzazi wa Mbagala au Tandale ataambiwa ni kifua, na mara nyingi kweli ni kifua. Ila kwa wachache sana, shida iko kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe.

Mishipa hiyo, koronari, huanzia kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu safi moyoni. Kuna watoto wanaozaliwa koronari ya kushoto ikianzia kwenye mshipa wa mapafu. Hali hii, ALCAPA, inakadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 300,000. Wiki za mwanzo huwa shwari. Presha ya mapafu ikishuka, damu inakimbilia huko na misuli ya moyo inakosa chakula.

Hapa picha ndiyo inaamua. Kipimo cha kwanza ni eko: hutumia mawimbi ya sauti, hakiumi, hakina mionzi. Lakini eko ya harakaharaka inaweza kuonyesha moyo umetanuka, basi. Mtoto anapewa dawa, kumbe anahitaji upasuaji. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Daktari, mmeona koronari zote mbili zinaanzia wapi?" Zisipoonekana vizuri, CT Scan ya moyo, yenye dawa inayochomwa kwenye mshipa, huonyesha njia nzima. Mionzi ipo, ndiyo maana haifanywi ovyo.

Kwa Dar es Salaam, rufaa kutoka hospitali za Temeke na Mwananyamala huishia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili.

Kwenye upasuaji, mshipa huhamishiwa kwenye aota. Eko hurudiwa baada ya hapo na kabla ya mtoto kuruhusiwa. Msishtuke moyo ukionekana bado mlegevu; huchukua miezi kupata nguvu. Vali iliyokuwa inavujisha nayo hufuatiliwa.

Wengi hukwama baadaye. Mtoto anacheza mpira, nauli ya kliniki inaonekana hasara. Wakati huo, pale mshipa ulipounganishwa panaweza kusinyaa kimyakimya kadiri anavyokua. Eko huendelea kwa miaka, na daktari anaweza kuongeza CT Scan, au MRI ya kutafuta kovu kwenye misuli.

Mkihamia mkoani, ombeni ripoti ya upasuaji na nakala ya picha za awali. Daktari mpya atahitaji za kulinganisha.